Mpira Usiodunda: Mrejesho kwa Wanaojifunza Kuchora Katuni Kasulu na Kibondo

Zoezi la kwanza katika karibu kila shule ya uhuishaji ni mpira unaodunda. Mwanafunzi huchora duara lilelile mara kumi na mbili au zaidi, kila mchoro kwenye karatasi yake, kila mmoja umesogea kidogo kutoka pale ulipokuwa uliotangulia. Karatasi zikipeperushwa kwa dole gumba, au zikipigwa picha moja moja na kuonyeshwa kwa mfululizo, mpira huanguka, hubonyea unapogusa chini, kisha huruka. Kwa anayeanza, mara nyingi haufanyi hivyo. Unashuka polepole kana kwamba umening'inizwa kwenye uzi, kwa sababu mchoraji ameachanisha michoro yake kwa nafasi zilizo sawa, ilhali kitu kinachoanguka huongeza kasi kadiri kinavyokaribia ardhi, na nafasi kati ya mchoro na mchoro inapaswa kutanuka vivyo hivyo. Kosa hilo huwezi kulinyooshea kidole kwenye karatasi yoyote. Zitazame moja moja, kila moja ina duara safi. Kosa limo kati ya karatasi na karatasi, na aliyelichora ndiye wa mwisho kuliona, kwa kuwa akilini mwake mpira ulikuwa umeshadunda kabla hajashika penseli.

Hapo ndipo uhuishaji wa mkono unapotofautiana na sanaa nyingine za penseli. Mchora sura anaweza kurudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akajikosoa mwenyewe. Mchora mwendo anajikosoa kwa shida sana, hivyo anahitaji mtazamaji wa pili mapema kuliko anavyohitaji meza ya taa, kompyuta au karatasi nzuri. Nasema hivi kwa sababu mjadala wetu kuhusu sanaa bunifu shuleni huanzia kwenye vifaa na mara nyingi huishia hapohapo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeweka mkondo wa amali sekondari sambamba na mkondo wa jumla, na fani za sanaa zimo. Swali linaloulizwa mara moja ni kompyuta ngapi zitanunuliwa. Kwa wilaya za Kasulu na Kibondo, zilizo juu kwenye vilima vya Buha, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, ambako umeme wa gridi ya Taifa umefika miaka ya karibuni tu baada ya miaka mingi ya majenereta, swali hilo lina jibu la kukatisha tamaa. Mimi nadhani ni swali lililotangulizwa kimakosa. Kinachopaswa kupangwa kwanza ni nani ataitazama kazi ya mwanafunzi, lini, na atamrudishia nini.

Historia ya fani yenyewe inaunga mkono hoja hii. Studio ya Walt Disney ilipokuwa ikipiga hatua zake kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, karatasi na penseli zake hazikuwa tofauti na za washindani wake. Kilichobadilika ni utaratibu. Michoro ya kukwaruza, kabla haijasafishwa wala kutiwa rangi, ilianza kupigwa picha na kuonyeshwa kwenye chumba kidogo ambamo mchoraji alikaa na wenzake na wakubwa wake, wakaona pamoja mahali mwendo ulipokwama. Mwaka 1932 studio ilimwajiri mwalimu wa sanaa, Don Graham, awafundishe wachoraji waliokuwa tayari wanalipwa mshahara. Karne hiyohiyo wachoraji wa Japani walijenga utaratibu wao: msimamizi wa michoro hafuti kazi ya mchoraji wala haandiki juu yake. Huweka juu yake karatasi nyembamba, aghalabu ya njano, akachora marekebisho hapo, na mchoraji anaporudishiwa furushi anaona kazi yake na ya msimamizi zikiwa zimelaliana. Ukitazama desturi hizi mbili, utaona kwamba mrejesho ulikuwa na sifa zilezile pande zote za Pasifiki. Kazi ilitazamwa ikiwa katika mwendo, ilitazamwa ikiwa bado mbichi kiasi kwamba kuibadilisha hakuumizi, na jibu lilikuja kwa mstari wa penseli mahali ambapo sisi tungeweka alama.

Sasa tazama kile ambacho mwanafunzi wa kawaida wa Kitanzania hurudishiwa. Daftari linarudi na vema nyekundu, namba juu ya kumi, na pengine neno: vizuri, jitahidi, ongeza bidii. Simlaumu mwalimu. Mwenye madaftari ya mikondo mitatu mezani hana muda wa kuandika barua kwa kila mtoto. Lakini lazima tuseme wazi kwamba "ongeza bidii" haimwambii mwenye mpira unaoelea lolote analoweza kufanya kesho asubuhi. Bidii anayo, amechora maduara kumi na mbili. Na namba juu ya kumi ina madhara yake. Mwaka 1988 mtafiti wa Israeli, Ruth Butler, alichapisha jaribio alilofanya na watoto wa shule: kundi moja lilirudishiwa maoni ya maandishi peke yake, jingine alama peke yake, jingine alama pamoja na maoni. Waliopata maoni peke yake ndio waliosonga mbele na kubaki na hamu ya kazi. Waliopata vyote viwili hawakunufaika na maoni yale. Miaka minane baadaye Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za mrejesho za miongo mingi, wakapata vipimo 607 vya kulinganisha. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo ulishusha utendaji, na hatari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo jibu lilimvuta mtu ajitazame yeye badala ya kuitazama kazi. Sifa nazo zimo. Kumwambia mtoto kwamba ana kipaji ni kumpa kitu cha kulinda, na anayelinda kipaji chake hataleta tena furushi lenye michoro ya kukwaruza. Ataleta lililosafishwa, wakati ambapo hakuna tena linalorekebishika.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba Kasulu na Kibondo hazina wahuishaji wa kukaa na wanafunzi hao. Mwalimu wa sanaa, pale alipo, amefunzwa kuchora vitu vilivyotulia, kupaka rangi na kuandika kwa herufi za mapambo. Kipaji cha kuchora hakimpi mtu moja kwa moja jicho la mwendo. Hata Gado, mchora katuni aliyezaliwa Dar es Salaam na kupata umaarufu kwenye magazeti ya Nairobi, alikwenda Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000 kusoma uhuishaji katika Vancouver Film School. Ikiwa mkono kama ule ulihitaji shule, mwalimu wa kidato cha pili pale Kibondo atawezaje kusahihisha?

Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linachanganya kazi mbili. Kuna kuona kwamba mwendo una kasoro, na kuna kujua jinsi ya kuiondoa. Kazi ya pili inataka fundi. Ya kwanza inataka mtu mwenye macho aliyewahi kuona kitu hicho kikitembea, na kwa vitu vingi vya vilimani mtu huyo hayupo Vancouver. Mchukue mtu anayesukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi kupanda mlima. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine nyuma ya mzigo au juu ya kiti. Mwili umelala mbele, miguu inakanyaga kwa hatua fupi, vidole vinajikita kabla ya kisigino kushuka. Kila baada ya hatua chache kuna kusita kidogo ambapo baiskeli inataka kurudi nyuma na goti linaizuia. Mwanafunzi akiuchora mwendo huo kwa hatua ndefu zilizo sawa, mwenzake wa dawati la pili, ambaye amesukuma baiskeli ya namna hiyo, atakwambia papo hapo kwamba mzigo ule hauna uzito. Hatajua kwamba dawa ni kuongeza michoro kwenye kule kusita na kuibananisha karibukaribu. Lakini ameitambua kasoro, ameiweka mahali pake, na ameisema kwa maneno yanayoeleweka: anapaa, hasukumi. Kiswahili na Kiha vina utajiri wa vitenzi vya kutembea, na anayeweza kutenganisha kujikongoja na kuchechemea ana chombo cha ukosoaji tayari mkononi.

Ushahidi kwamba mtazamaji wa kijijini ni mkosoaji wa maana upo tangu 1949. Mwaka huo UNESCO ilimpeleka Norman McLaren, mmoja wa wahuishaji wakubwa wa karne, akitokea bodi ya filamu ya taifa ya Kanada, hadi Beibei, magharibi mwa China, akafundishe kikundi cha wachoraji kutengeneza picha za kufundishia afya: mabango, mikanda ya picha, na michoro inayotembea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwafikia wakiwa kazini. Hapakuwa na studio ya maana, na sehemu ya kazi ilichorwa moja kwa moja juu ya mkanda wa filamu, bila kamera. Mradi ule ulijengwa juu ya kupeleka picha kwa wanakijiji waliokusudiwa, na kuona zinaeleweka au hazieleweki. Taarifa yake ilichapishwa na UNESCO kama jaribio la elimu kwa macho, na hadi leo mradi huo ni kielelezo bora kuliko studio yoyote ya kibiashara kwa mahali kama Kasulu, kwa sababu ulikubali mambo mawili kwa pamoja: fundi ni mmoja na yuko mbali na kwao, lakini macho ya kupima kazi yamejaa pande zote. Karibu na kwetu, Ubongo, shirika la Dar es Salaam ambalo katuni zake za kufundisha hisabati na sayansi zilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2014, limeweka kwenye utaratibu wake kuwaonyesha watoto kazi kabla haijarushwa na kuangalia wanapopoteza hamu. Studio yenye wataalamu wa mishahara inaona haja ya kumuuliza mtoto. Shule isiyo na mtaalamu haina sababu ya kuona haya kufanya hivyo.

Bado fundi anahitajika. Jicho la mwenzako litakufikisha hadi kusema "hapa pana tatizo," na mwanafunzi anayesikia hilo kila wiki bila kuonyeshwa njia atachoka. Ila fundi huyo anaweza kufanya kazi kutoka mbali, na nchi hii ina uzoefu mkubwa wa kufundisha kwa mbali kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo mafupi na kitabu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto, vijana zaidi ya 35,000 walifunzwa ualimu wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, redio na waratibu waliokuwa karibu nao. Programu ile ilikosolewa sana, na mengi ya ukosoaji huo yalikuwa ya haki. Lakini muundo wake ni wa kufikiriwa upya: maarifa ya juu yanatoka mbali kwa kiasi kidogo, na mtu wa karibu, asiye bingwa, anaendesha kazi ya kila siku. Ugonjwa wa elimu ya posta ulikuwa ucheleweshaji, zoezi likirudi wakati mwanafunzi ameshasahau alichouliza. Simu imeutibu ugonjwa huo. Ukiweka simu juu ya rula iliyolala kati ya marundo mawili ya vitabu, kamera ikitazama chini, ukapiga picha karatasi kumi na mbili zilizopangwa kwa kona ileile na kuziunganisha kwa programu ya bure, unapata klipu ya sekunde moja ambayo hata bando dogo linaibeba.

Hapo upo mtego ambao naona vikundi vingi vya WhatsApp vya kujifunza fani mbalimbali vimenaswa nao. Klipu inatumwa, zinakuja alama za moto na makofi, mtu mmoja anasema "safi sana kaka", na kazi inazama chini ya salamu za asubuhi. Fundi wa mbali, awe mhitimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkufunzi wa chuo cha sanaa cha Bagamoyo au mchoraji wa studio, ana dakika chache tu za kujitolea. Zisipopangwa zitaliwa na makofi. Utaratibu ninaoutetea ni kwamba klipu isimfikie fundi kabla darasa halijaitazama na kuandika sentensi moja ya wanachokiona, na kabla mchoraji mwenyewe hajauliza swali moja. Swali linaloanza na "kwa nini mpira wangu unaelea karibu na chini" linajibiwa kwa dakika mbili: fundi anachukua karatasi, anachora mstari wa njia ya mpira, anaweka nukta zinazoachana zaidi na zaidi kuelekea chini, anaipiga picha na kuirudisha. Hiyo ndiyo karatasi ya njano ya Wajapani, imepita kwenye mnara wa simu. Swali la "mnaionaje kazi yangu" halina jibu kwa sababu halijauliza kitu.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi kukosoana ni jambo lisiloendana na malezi yetu. Mtoto wa Kiha amelelewa kumstahi aliyemtangulia, na katika darasa moja wapo waliozidiana miaka mitatu au minne. Mdogo kumwambia mkubwa mbele ya watu kwamba amekosea ni utovu wa adabu, na mwalimu anayelazimisha hilo atavuna kimya. Nakubali kabisa, na sitaki adabu hiyo ivunjwe kwa ajili ya katuni. Lakini ukosoaji wa mwendo haudai hukumu. Unadai ushuhuda. "Nimeona mpira umesimama hewani kabla ya kushuka" ni taarifa ya kilichoonekana, na mdogo anaweza kuitoa kwa mkubwa bila kumvunjia heshima, kama anavyoweza kumwambia kwamba mvua inanyesha. Mchoraji ndiye anayeamua kama kule kusimama alikukusudia. Ikiwa alikukusudia, anajifunza kwamba kumeonekana. Ikiwa hakukukusudia, amejisahihisha mwenyewe. Kwa namna hii malezi ya staha yanaweza kuzaa wakosoaji wazuri kuliko darasa lililozoea kushindana kwa maneno, maana tafiti za Kluger na DeNisi zinatuonya hasa dhidi ya maneno yanayomlenga mtu.

Kuhusu karatasi, hesabu ni rahisi na haitishi. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, na kwa kawaida kila mchoro hutumika mara mbili, hivyo sekunde moja hula michoro 12. Rimu moja ya karatasi 500 ni sekunde 41 na ushee. Ukizikata kila moja vipande vinne, rimu hiyohiyo inakupa zaidi ya dakika mbili na nusu, nayo ni mipira mingi. Ukurasa uliokwishatumika upande mmoja, ambao kila ofisi ya shule inao, unafaa kabisa kwa mchoro wa kukwaruza.

Pingamizi la kompyuta linastahili nafasi zaidi, kwa sababu linatolewa na watu wanaowatakia vijana mema. Wanasema studio za leo hazichori kwenye karatasi, na sasa kuna programu zinazotoa picha zinazotembea kutokana na sentensi moja tu. Kumfundisha kijana wa Kibondo kupanga karatasi ni kumrudisha nyuma. Hata Tinga Tinga Tales, katuni zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, zilichukua sura zake kutoka mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, na zilihuishwa kwa kompyuta. Hayo ni kweli. Lakini kompyuta haikuamua tembo atue mguu wake kwa uzito gani. Aliyekaa mbele yake aliamua, na aliamua kwa maarifa yaleyale ya nafasi na muda yanayofundishwa na karatasi kumi na mbili. Programu inayotoa mwendo kwa sentensi inaongeza haja ya jicho linalokosoa, kwa kuwa sasa mtu atapewa miendo ishirini kwa saa moja na itambidi aseme upi ni wa kweli. Asiyeweza kuona mpira unaoelea atachagua unaoelea. Na karatasi ina faida moja ambayo skrini inaificha: makosa yake yanahesabika. Ukiziweka karatasi zako zikielekea dirishani, nne kwa pamoja, unaona kwa macho nafasi zilivyo sawa pale zilipopaswa kutanuka, na unaweza kuzipima kwa rula.

Lipo eneo moja ambapo mrejesho wa namna hii haupaswi kuingia, na mkoa wa Kigoma, zilipo Kasulu na Kibondo, unalijua kuliko mikoa mingi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo, na mwaka 2015 Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya kwa Warundi. Maelfu ya watoto wamesoma humo kwa mitaala ya nchi walizotoka. Mtoto aliyekimbia vita akipewa karatasi kumi na mbili anaweza asichore mpira. Jean-Michel Kibushi, mhuishaji wa Kongo aliyeanzisha Studio Malembe Maa, alitengeneza filamu fupi Septembre noir kutokana na michoro ya watoto kuhusu uporaji wa wanajeshi mjini Kinshasa, Septemba 1991. Uzito wa filamu ile uko katika mistari ya watoto kuachwa ilivyo. Mwalimu aliyepokea mchoro wa namna hiyo akaanza kuzungumzia nafasi kati ya fremu amefanya ukatili bila kujua. Kwa hiyo mwanafunzi lazima ajue tangu mwanzo kwamba zoezi ni zoezi, lina mpira, baiskeli au kuku anayedonoa, na litakosolewa. Ushuhuda ni kitu kingine. Unapokelewa, unatunzwa, na ukihuishwa, mwenye kuuchora ndiye anayesema lini unahitaji msaada wa mtu wa pili. Kuchanganya viwili hivi kumewafanya watu wengi wenye nia njema waogope kukosoa chochote kinachotoka kambini, na watoto wenye mikono mizuri wakabaki wanasifiwa bila kufundishwa. Hilo nalo ni kuwanyima haki yao.

Linabaki suala la mtihani, na wazazi wataliuliza kabla ya mwingine yeyote. Maoni bila alama ni mazuri kwenye utafiti, lakini Baraza la Mitihani linataka namba. Tanzania ilishawahi kujaribu kuipa kazi ya darasani heshima yake. Baada ya Musoma, kuanzia 1976, maendeleo ya mwanafunzi shuleni yalipewa nusu ya uzito wa matokeo ya mwisho, wazo ambalo baadaye lilipunguzwa nguvu, kwa sehemu kwa hofu kwamba walimu wangepandisha alama za wanafunzi wao. Kwa uhuishaji wa mkono kuna njia ya kuikwepa hofu hiyo. Mwanafunzi awasilishe mafurushi mawili ya zoezi lilelile, la kabla ya mrejesho na la baada yake, pamoja na karatasi ya maoni yenye tarehe katikati, na alama zitolewe kwa umbali kati ya furushi la kwanza na la pili. Hapo alama haishindani tena na maoni, kama ilivyokuwa kwenye jaribio la Butler, kwa sababu kinachopimwa ni matumizi ya maoni hayo. Mtu ataniuliza: je, hawataharibu furushi la kwanza makusudi ili umbali uwe mkubwa? Baadhi watajaribu. Lakini klipu ya kwanza imeshatazamwa na darasa zima na kuandikiwa, na mwanafunzi anayeweza kuharibu mwendo mahali mahususi kisha akaurudisha mahali palepale ameonyesha ujuzi ambao mtahini alitaka kuuona. Walimu wanaotoka Chuo cha Ualimu Kasulu wanaweza kufundishwa kusimamia utaratibu huu ndani ya muhula mmoja, hata wale wasiojua kuchora, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vinaweza kuutumia kwa vijana walio nje ya shule. Kinachotakiwa shuleni ni kabati lenye kufuli la kutunzia mafurushi, simu moja ambayo mkuu wa shule ameiruhusu, na ratiba yenye vipindi viwili kwa wiki: kimoja cha kuchora, na kingine ambacho hakuna anayeshika penseli, darasa zima linatazama.